Klachi mbili, giaboksi moja

Mara ya kwanza klachi kunigomea nilikuwa natoka Igurusi, huku Mbeya, na gunia la mchele kwenye buti, napanda kuelekea Inyala. Kwa mbali nikaona semi ya mafuta inakokota mlima, upande wa pili kweupe, nikahama mapema kuipita. Gia ya nne, mwendo kama 70. Nikakanyaga. Tabo, ile inayosukumia injini hewa ya ziada, ikaamka, mshale wa mizunguko ukaruka kutoka 3,000 mpaka karibu 5,000, na gari likabaki na mwendo ule ule. Kama umewahi kuwa upande usio wako wa barabara, lori pembeni yako, kona inakuja, na injini inalia bila gari kwenda, basi unajua moyo unavyofanya. Nikaachia mafuta, nikarudi nyuma ya semi, na hapo ndipo harufu ilipoingia ndani. Harufu ya klachi iliyoungua ukishaikuta mara moja huisahau.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2003, injini EJ205 ya cc 1,994 yenye tabo, giaboksi ya gia tano. Kiwandani lilitoka na nguvu farasi 250. Niliponunua, mwenye nalo wa kwanza alikuwa ameshafungua bomba la moshi kuanzia kwenye tabo mpaka nyuma. Mimi nikaongeza intakula kubwa, ile inayopoza hewa ya tabo, bosti, yaani presha ya hewa hiyo, ikapandishwa kidogo, na kompyuta ya injini ikapangwa upya ili mafuta na moto viendane na hewa iliyoongezeka. Kila hatua nilikuwa nafikiria injini tu. Klachi ilikuwa ile ile ya kiwandani, na haikuwa mpya.

Jambo ambalo wengi hatulielewi, na mimi sikulielewa wakati huo, ni kwamba klachi haishindwi na nguvu farasi. Pleti imebanwa katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, na presha pleti, bamba la springi linaloikandamiza, inashikilia kwa msuguano tu. Kinachoitelezesha ni nguvu ya kusokota, ile mafundi wanaita toki. Ndiyo maana klachi iliyochoka haikupi dalili ukiwa gia ya kwanza unaondoka taratibu Mwanjelwa. Inakuumbua gia ya nne au ya tano, mlimani, pale bosti inapoingia kwa pamoja kwenye mizunguko ya kati. Ukitaka kupima ya kwako, tafuta mlima usio na magari, weka gia ya nne kwenye mizunguko 2,000 na kitu, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko na wa mwendo ipande pamoja. Ikiachana, klachi imekwisha, usijidanganye kwa kurekebisha pedali.

Nilipiga simu Dar, kwa muuza vipuri wa Ilala. Nikamweleza gari na nilichokifanya. Akaniambia, "Kaka, chukua ya seramiki, pleti ya vipande sita, na flaiwili nyepesi. Hiyo unaifunga mpaka unauza gari." Hakunidanganya kuhusu nguvu yake. Ila hakuniuliza naendesha wapi, na mimi sikumwambia. Mzigo ukaja na basi la usiku, nikaupokea alfajiri stendi ya Nanenane, kwenye baridi ya Juni, nikiwa na furaha kama mtu aliyepokea mgeni.

Kosa la pili likafuata siku hiyo hiyo. Fundi niliyemzoea, mzee mmoja mwenye gereji ndogo maeneo ya Sae, alikuwa kasafiri kwenda msibani Rungwe. Nilikuwa na haraka. Nikaenda gereji nyingine, ya vijana, wachapakazi kweli, lakini walizoea Noah na IST.

Subaru ya tabo yenye gia tano ina siri yake. Kwenye magari mengi rilizi beringi, ile inayoachanisha klachi ukikanyaga pedali, inasukuma vidole vya presha pleti. Kwenye hii inavivuta. Beringi imenasa ndani ya presha pleti kwa klipu, na foku ya klachi, mkono wa chuma unaoisogeza, imeshika beringi. Kwa hiyo hata ukifungua boliti zote zinazounganisha giaboksi na injini, giaboksi haitoki, kwa sababu foku bado imeshika. Pembeni ya nyumba ya giaboksi kuna kizibo kinachofunguliwa kwa spana ya alani namba 10. Ukikitoa, unaona ncha ya pini ambayo foku inaegemea. Ndani ya ncha hiyo kuna uzi. Unaingiza boliti ndogo ya milimita 6, unavuta, pini inakuja nje, foku inalegea, unaipandisha kidogo iachane na beringi. Kazi ya dakika kumi.

Vijana hawakujua, na mimi sikujua. Giaboksi ikasogea kama sentimita mbili ikagoma. Wakaleta mtalimbo. Nilisimama pale naangalia mtu anapenyeza chuma katikati ya injini ya alumini na giaboksi ya alumini, anakandamiza kwa uzito wake wote, na nikanyamaza. Mpaka leo ile alama ipo, pamelika kama kucha ya kidole gumba. Ilitoka kwa kishindo, klipu za beringi zimevunjika, foku imepinda. Foku ikabidi itafutwe ya mtumba, siku nne gari likiwa juu ya mawe.

Wakafunga ile seramiki na flaiwili nyepesi, boliti zikakazwa kwa mkono na kwa makadirio. Hakuna aliyeangalia kitu kingine. Nikalipa, nikaondoka.

Sasa niseme ukweli kuhusu pleti ya seramiki, maana watu huisifia bila kuishi nayo. Kushika, inashika. Nilirudi Inyala wiki iliyofuata na gari likapanda kama limevutwa na kamba. Joto hailiogopi. Lakini haina katikati. Pleti ya kawaida, ya ogani, ukiachia pedali inakupa nafasi ya kuteleza kidogo kabla haijashika, ile nusu klachi tunayotumia kila siku bila kufikiria. Seramiki ni kama swichi ya taa. Ama haijashika, ama imeshika. Na ukijaribu kuilazimisha iteleze taratibu, inatetemesha gari zima.

Kwenye tambarare ungevumilia. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar. Tabo ikishaamka inafidia, lakini chini ya mizunguko 2,500 tabo bado imelala, na injini ya lita mbili yenye mgandamizo mdogo wa tabo inabaki dhaifu kabisa. Yaani pale pale unapoondoka, pale klachi inapofanya kazi yake ngumu zaidi, injini ya huku ina nguvu pungufu kuliko ile ile ikiwa pwani. Utalazimika kuongeza mafuta na kubalansi klachi zaidi. Na nilikuwa nimejifungia klachi isiyokubali kubalansiwa, pamoja na flaiwili nyepesi isiyohifadhi mzunguko wowote. Ukipunguza mafuta kidogo tu, injini inazima.

Foleni ya Kabwe kuelekea Mafiati jioni ikawa adhabu. Bajaji mbele, bajaji pembeni, unasogea mita mbili unasimama. Kila kusogea gari linaruka kama mbuzi. Goti la kushoto linauma mpaka usiku. Lakini siku iliyoniamulia mambo ilikuwa ya kumpeleka mama Tukuyu.

Tulitoka Uyole asubuhi, ukungu mzito. Karibu na Isyonje, pale barabara inapofika juu kabisa kabla ya kuanza kushuka Kiwira, kulikuwa na lori la viazi limeharibika na magari yanapitishwa kwa zamu. Tukasimama kwenye mlima mkali, nyuma yangu Coaster imenisogelea mpaka naona uso wa dereva kwenye kioo. Zamu yetu ikafika. Breki ya mkono, mafuta, naachia klachi. Gari likatetemeka kwa nguvu, likazima, likarudi nyuma kidogo kabla sijaikanyaga breki. Coaster ikapiga honi. Nikajaribu tena kwa mafuta mengi, likaruka mbele kwa kishindo, na kutoka chini kukasikika mlio mmoja mkavu wa chuma kwa chuma. Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Hakusema chochote mpaka tulipofika Kiwira. Ndipo akauliza, "Mwanangu, ulisema umelitengeneza gari hili?"

Mlio ule sikuupuuza. Kuanzia siku hiyo gia ya tatu ikawa na sauti, uvumi unaopanda na mwendo. Nikampelekea mzee wa Sae, ambaye alisharudi. Aliendesha mpaka Ilomba na kurudi, akapaki, akaweka beseni chini, akafungua boliti ya kumwagia oili ya giaboksi. Lita tatu na nusu. Boliti ile ina sumaku. Akaipangusa kwa kidole gumba, akaniwekea kiganjani. Kulikuwa na tope la kijivu, hilo ni la kawaida, lakini ndani yake kulikuwa na vipande, kimoja kina ukubwa wa punje ya mchele, kina pembe.

"Hii ni meno ya gia," akasema. "Kijana, kwenye umeme wa nyumba yako fyuzi inafanya kazi gani?"

Nikamwambia inakatika ili nyumba isiungue.

"Klachi yako ya zamani ilikuwa inateleza. Ilikuwa inakukera, lakini giaboksi ilikuwa salama. Sasa umeweka fyuzi ya msumari."

Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Giaboksi ya gia tano ya Subaru inajulikana duniani kote kwa wanaozipenda gari hizi kwamba si imara kwa mishtuko. Nguvu ikija taratibu inavumilia mengi. Nguvu ikija kwa kishindo, meno yanakatika, na mara nyingi ni ya gia za chini. Klachi inayoshika kama swichi inapitisha kila kishindo moja kwa moja. Nilikuwa nimehamisha udhaifu kutoka kwenye kitu cha kubadilisha kwa siku moja kwenda kwenye kitu cha kufumua chote.

Tulikubaliana. Giaboksi ishuke, gia ya tatu na mwenzake zibadilishwe, na klachi iwe ya ogani yenye presha pleti ya kubana zaidi. Hiyo ndiyo niliyopaswa kununua tangu mwanzo. Inaongeza uwezo wa kushika kwa kukaza springi badala ya kubadilisha tabia ya pleti. Pedali inakuwa nzito kidogo, lakini nusu klachi inabaki. Na pleti yenyewe ina springi katikati zinazomeza mtikisiko kabla haujafika kwenye giaboksi. Flaiwili ya kiwandani niliyokuwa nimeitupa stoo ikarudi kazini.

Mzee hakunikabidhi kiti. Alinipa ovaroli. Alisema mwenye gari la namna hii lazima ajue kilichomo. Kwa hiyo nilikuwa chini pamoja na kijana wake. Tukatoa intakula, stata, kile kiungo cha juu kinachozuia injini isicheze, bomba la moshi, propela, draivu shafti za mbele. Tukafika kwenye kile kizibo cha alani. Pini ilitoka kwa vidole viwili.

Giaboksi iliposhuka akanishika mkono, akapeleka kucha yangu kwenye bomba ambalo rilizi beringi inateleza juu yake, pale mbele ya giaboksi. "Pita taratibu." Kucha ikakwama. Kulikuwa na mfereji uliochimbwa na beringi kwa miaka, mwembamba, kwa macho huuoni vizuri kwa sababu ya vumbi. Beringi ikifika hapo inakwama, na ukiachia pedali haiteremki sawasawa, inaruka. Sehemu ya mtetemo niliokuwa naulaumu kwenye seramiki ilitoka hapa. Tukaivisha bushi ya chuma juu yake.

Kisha akawasha tochi nyuma ya flaiwili. Kulikuwa na unyevu mweusi umeshuka mpaka chini. Oili sili ya nyuma ya injini ilikuwa inavuja, na kile kifuniko kidogo pembeni yake, ambacho kwenye Subaru nyingi za zamani ni cha plastiki, kilikuwa kimejikunja. Tone moja la oili likifika kwenye pleti ya ogani, pleti hiyo inateleza na kutetemeka, na hakuna dawa isipokuwa kununua nyingine. Vijana wa mwanzo walikuwa wameliona eneo hili, likiwa wazi mbele yao, wakafunga. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Sili mpya na kifuniko cha chuma havikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya klachi.

Flaiwili ya zamani ilikuwa na madoa ya bluu na nyufa nyembamba kama nywele, alama za joto la Inyala. Nikaipeleka kwa mkerezaji wa vyuma ikaskimiwa, kidogo tu, mpaka madoa yakaisha na uso ukawa wa kijivu kimoja. Pailoti beringi, ile ndogo inayokaa katikati ya flaiwili, ikabadilishwa bila kujadiliana. Ukiizungusha kwa kidole ilikuwa inakwaruza.

Siku ya kufunga mzee aliazima toki renchi. Boliti nane za flaiwili, nyutoni mita 72, kwa mpangilio wa nyota. Zile za presha pleti ni 16 tu, na hapo ndipo mkono wa fundi mwenye nguvu unapoharibu, maana mtu anazikaza kama za tairi. Unakaza kila moja kidogo kidogo, unavuka upande wa pili, ili presha pleti ishuke ikiwa sawa. Kabla ya hapo tulisafisha nyuso zote kwa dawa ya kusafishia breki, na akatuzuia kushika pleti kwa vidole vyenye grisi. Kwenye meno ya shafti ya giaboksi alipaka grisi ya joto kwa ncha ya mswaki, akaifuta karibu yote. "Ikizidi inarukia pleti," akasema. Pleti ina upande wake, imeandikwa upi unatazama flaiwili, na tulisoma mara mbili.

Giaboksi ikapanda, boliti zikaingia, pini ikarudi. Halafu akaniita nisikilize. Akaisukuma foku kwa mkono. Tak. Beringi imenasa kwenye presha pleti. Akaivuta kurudi kuhakikisha haitoki. Sauti ile ndogo niliisubiri kwa miezi mitano bila kujua kwamba ipo.

Tukatoa upepo kwenye mfumo wa oili ya klachi, tukajaza oili ya giaboksi mpya, 75W-90, likawaka.

Kisha ikaja sehemu ngumu kuliko zote kwangu, kilomita 800 za kulizoesha. Watengenezaji wengi wa klachi wanasema umbali wa namna hiyo, na wanasisitiza ziwe za mjini. Nilitaka kuzimaliza kwa safari moja ya Dar, ambayo ni kama kilomita 830. Mzee akakataa kabisa. Klachi inazoea kwa kushika na kuachia, na ukienda Dar utabadilisha gia mara chache sana kwa umbali wote huo. Pleti na flaiwili zinahitaji kusuguana taratibu, mara nyingi, zikipoa katikati, mpaka nyuso zilaliane. Ukizikanyagia mafuta mapema zinaungua juu juu na kuwa kama kioo, na hapo umeanza kuteleza upya na klachi mpya.

Kwa hiyo wiki saba nilikuwa dereva wa familia. Soko la Mwanjelwa, Soweto, kanisani Forest, kumpeleka mtoto shule, foleni ya barabara kuu iliyokuwa inapanuliwa, pale Sae vumbi na mashine. Bosti nilikuwa naisikia inataka kuja naachia mafuta. Foleni ya Kabwe, ile iliyokuwa adhabu, ndiyo ikawa dawa.

Jumamosi moja mita ikasoma 812 tangu siku ya kufunga. Nikampitia mzee Sae, tukateremka mpaka Igurusi, tukanywa chai, tukageuza. Barabara ilikuwa wazi. Pale pale, gia ya nne, mwendo 70, mlima umeanza. Nikakanyaga yote. Tabo ikaamka, mgongo ukabanwa kwenye kiti, na mishale miwili ikapanda pamoja, hakuna uliomwacha mwenzake, mpaka nikaachia mwenyewe kwa sababu mwendo ulikuwa mkubwa kuliko barabara ile inavyostahili. Nikasikiliza gia ya tatu nikirudi chini. Kimya.

Mzee alikuwa anaangalia nje, mashamba ya Inyala yanapita. "Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, kisha akatazama saa. "Twende, kuna mtu ameniachia Noah tangu asubuhi."